Nililifasiri kwa Haraka: Neno "Thole" na Mzigo Wake

Bibi yule Mskoti alimshika mkono mama mmoja mgeni juu ya meza, karibu na kopo la sukari, akasema kwa Kiskoti, kwa sauti ya chini, "Ye'll juist hae tae thole it, hen."

Nami, kwa mazoea ya kazi ya ukalimani, nilifasiri kabla sijawaza: "Anasema itabidi uvumilie tu, mama."

Mama aliutoa mkono wake taratibu, akauweka mapajani. Aliniangalia mimi, si yule bibi, akauliza kwa Kiswahili cha kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, "Ata uyu naye?"

Yaani hata huyu naye ananiambia nivumilie?

Ilikuwa Februari, mjini Glasgow, katika ukumbi wa chini wa kanisa ambamo wanawake wa mtaani huandaa chai kila Jumatano kwa wageni wanaosubiri majibu ya maombi yao ya hifadhi. Nimebadilisha mambo machache hapa ili mama asitambulike. Sikuwa kazini rasmi siku hiyo, lakini mkalimani akiketi kati ya watu wawili wasioelewana hawezi kunywa chai kimyakimya. Mama alikuwa amesubiri miezi kumi na tisa, na barua iliyofika asubuhi ile ilimtaka aendelee kusubiri. Nilimweleza bibi habari hiyo kwa idhini ya mama, ndipo naye akasema alilosema. "Hen" ni kuku jike, lakini Glasgow ndilo neno ambalo mwanamke mzee humwitia mwanamke mwenziwe anapotaka kumwonyesha kwamba anamjali. Uso wa bibi ulikuwa wa huruma, na kidole gumba chake kilikuwa kikiusugua mkono wa mama kama mtu anayeupasha moto.

Hata hivyo mkono ulitolewa, na maneno yaliyousababisha kutolewa yalitoka kinywani mwangu.

Nimekaa na jambo hili wiki saba.

## Uzito wa "vumilia"

Kila msomaji wa Kiswahili ameshaambiwa "vumilia". Bibi harusi huambiwa siku anayokabidhiwa kwa mume, mzazi huambiwa wodini uchungu ukiwa umepanda, na kibarua huambiwa na tajiri yake mwezi wa tatu bila mshahara. Neno lenyewe halina ubaya wowote, na mahali pengi ni sifa njema, kwani mtu mvumilivu ni mtu wa kutegemewa. Lakini katika kauli ya kuamrisha limechakaa kwa namna ya pekee: mara nyingi hutamkwa na aliye mahali salama akimwambia aliye mahali pa taabu, na mara nyingi maana yake halisi ni kwamba mazungumzo yameisha.

Mama alikuwa amewahi kunihesabia watu waliomwambia neno hilo. Alianza na mama mkwe wake, akaja mchungaji, akaja msimamizi wa kambi alikokaa miaka minne, kisha ofisa mmoja aliyemwambia kupitia simu kwa sauti ya mkalimani mwingine. Aliwahesabu kwa vidole bila hasira, kama mtu anayetaja majina ya vituo vya basi.

Nilipomsimulia mkalimani mwenzangu, alinihakikishia kwamba sikukosea. Alisema kwamba neno la Kiskoti lina maana ya kustahimili, kuvumilia, kupitia shida bila kukata tamaa, na kwamba mteja anapoumizwa na maana, mfasiri hana hatia. Nilitulia kwa siku mbili. Siku ya tatu nilijiuliza kwa nini, kama tafsiri ilikuwa sahihi, mkono wa bibi na maneno yangu vilisema mambo mawili tofauti.

## Majalada kumi na mawili

Kiskoti si Kigaeli, ingawa wengi huvichanganya. Ni ndugu wa Kiingereza: vyote viwili vilitokana na Kiingereza cha Kale, kimoja kikakulia kusini na kingine kaskazini, na kwa muda mrefu Kiskoti kilikuwa lugha ya mahakama, ya bunge na ya washairi wa Uskoti. Baada ya mataji ya Uskoti na Uingereza kuungana mwaka 1603 na mabunge kuungana mwaka 1707 kilishuka hadhi, hata watoto wakaadhibiwa shuleni kwa kukizungumza. Msomaji aliyesoma Kenya au Uganda, na kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, hahitaji kuelezwa ladha yake. Hakikufa. Katika sensa ya mwaka 2011 watu zaidi ya milioni 1.5 walisema wanakizungumza, na mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukitambua rasmi.

Jumamosi moja nilikwenda maktaba ya Mitchell, nikaomba kamusi ya Kiskoti cha zamani, ile inayokusanya lugha tangu karne ya 12 hadi mwaka 1700. Ni majalada 12. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1931, ya mwisho mwaka 2002, na William Craigie aliyeianzisha alifariki mwaka 1957 kabla kazi haijakaribia herufi T. Nilipofungua ukurasa nilioutaka, nilikuwa nikisoma kitu ambacho mwanzilishi wake hakukiona.

Neno hutamkwa "thol", th ikiwa kama ya "thelathini" na o ikivutwa. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa þolian, kwa herufi ile yenye mwiba ambayo Waingereza waliiacha baadaye. Kiingereza cha kusini kililisahau pole pole, lakini Waskoti walilishika, na maana zake zimetanda kuliko nilivyodhani. Kwanza ni kuumia na kustahimili. Pia ni kupitishwa katika jambo, kama vile adhabu au hukumu, na ni kuruhusu, yaani kuacha jambo litendeke bila kulizuia. Tena ni kuwa na nafasi ya kupokea kitu: kazi ambayo bado inaweza kuboreshwa husemwa kwamba ina-thole marekebisho, kama sisi tunavyoweza kusema kwamba ukuta huu utahimili ghorofa nyingine.

Nililisoma neno "himili" katika daftari langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hapo nikasimamisha kalamu.

Kwa kuwa mzizi wa mbali wa thole, ule wanaisimu wanaousaka nyuma ya lugha nyingi za Ulaya, ni kubeba na kuinua. Kutoka humo Kilatini kilipata tollere, kuinua, na tolerare, kustahimili. Kijerumani kilipata Geduld, subira. Kiswidi kina tåla hadi leo. Na "himili" na "stahimili" zetu zilitoka katika Kiarabu, katika mzizi wa ha, mim na lam, ambao nao ni kubeba. Ndio uliotupa himila, yaani mzigo na pia mimba. Ndio uliotupa hamali.

Nilizaliwa Tanga. Nimewaona mahamali wakishusha magunia tangu sijajua kusoma, kitambaa kikiwa kimekunjwa begani ili gunia lisichune ngozi. Jambo moja kuhusu hamali linajulikana hata na mtoto: anakwenda mahali fulani, na akifika hutua.

Kuna thole nyingine, niitaje kwa kuwa ilinigusa. Ni kile kijiti kilichochomekwa ukingoni mwa mashua ili kasia lisitoke mahali pake, ambacho sisi pwani tunakiita kilete. Wanaisimu husema hilo ni neno jingine lenye asili yake, limefanana tu kwa sauti. Nawaamini, ingawa kwa mtu aliyekulia kando ya bahari ni vigumu kutotazama kijiti kile, kinachopokea nguvu yote ya mpiga kasia, bila kufikiri kwamba sauti hizo zilikutana kwa haki.

## Panya wa Mossgiel

Siwezi kulizungumzia neno hili nikamruka mshairi Robert Burns, kwa sababu Waskoti wengi hulikuta kwanza kwake, wakiwa shuleni.

Mwishoni mwa mwaka 1785 Burns alikuwa mkulima katika shamba la Mossgiel, Ayrshire. Shairi lake kwa panya, lililochapwa mjini Kilmarnock mwaka 1786, linahusu kiota kilichobomolewa na plau yake wakati upepo wa Desemba unakaribia. Panya alikuwa amejenga kwa majani na mabua, kazi iliyomgharimu kutafuna kwingi, na sasa amefukuzwa bila nyumba wala makao, ku-thole majimaji ya theluji na baridi ya jalidi.

Nilikuwa nimelisoma shairi hilo mara nyingi. Safari hii nililisoma nikitafuta jambo moja tu: nani anamwambia nani.

Hakuna anayemwamuru panya avumilie. Neno limekuja katika maelezo, si katika amri. Mkulima anatazama mzigo uliomwangukia kiumbe mwingine, anautaja kwa jina, anataja baridi yake na umajimaji wake, na kabla ya hapo ameshamwomba radhi, kwa kuwa plau ni yake. Thole ya Burns inatoka kwa mtu aliyehusika na mzigo, ambaye anauona na hajifanyi kwamba ni mwepesi.

Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu. Nilidhani bibi alikuwa amesema kitu cha namna hiyo, "naona unachokibeba", nami nikakigeuza kuwa agizo. Niliandika kurasa tatu za makala haya kwa msingi huo, na zilikuwa kurasa nzuri.

Nilizifuta.

## Shangazi wa mshairi

Nilizifuta kwa sababu bibi hakutumia neno katika maelezo. Alisema "hae tae", yaani huna budi. Na ushahidi kwamba Waskoti, na watu waliolirithi neno hili kwao, wamelitumia kwa kuamrishana upo mwingi.

Ulio wazi zaidi nimeukuta kwa Seamus Heaney, mshairi wa Ireland, katika utangulizi wa tafsiri yake ya Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha Kale, iliyotoka mwaka 1999. Anasimulia jinsi alivyolikuta þolian katika shairi lile la kale, likaonekana geni kwa mwiba wake, hadi alipotambua kwamba ndilo neno alilokuwa akilisikia utotoni: shangazi yake alilisema kuhusu familia iliyofiwa ghafla, kwamba itabidi wajifunze ku-thole. Neno lilikuwa limevuka bahari pamoja na Waskoti waliohamishiwa Ulster, kaskazini mwa Ireland, tangu mwanzo wa karne ya 17, likaingia hata katika vinywa vya Wakatoliki ambao ardhi ilinyang'anywa kwa ajili ya wageni hao. Walionyang'anywa waliazima kwa wanyang'anyi neno la kubebea hasara.

Waskoti wana methali ya zamani isemayo kwamba anaye-thole hushinda. Sisi tunasema mstahimilivu hula mbivu. Ukiziweka pamoja unaona kwamba taifa lolote lililoteseka hutunga sentensi kama hizi, na kwamba sentensi hizi huweza kutamkwa na mtesi vilevile kama zinavyotamkwa na mama mzazi.

Kwa hiyo sikuwa na haki ya kusema kwamba neno lao ni safi na letu ndilo lililochafuka.

## Baraza lililobebwa

Jambo lililonitoa hapo nililipata mahali ambapo sikulitarajia, katika sheria.

Sheria za Uskoti ni mbali na za Uingereza hata baada ya muungano, na kesi kubwa za jinai huamuliwa na baraza la raia 15. Baraza hilo la zamani liliitwa assize. Mtu akishtakiwa, kesi yake ikasikilizwa na kufika mwisho, sheria husema kwamba he has tholed his assize. Neno kwa neno: ameshalibeba baraza lake. Kwa sababu hiyo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Mawakili bado huleta hoja hiyo mahakamani kwa maneno hayo hayo, katika karne ambayo vijana wengi wa mjini hulijua neno thole kwa bibi zao tu.

Niliisoma sentensi hiyo nikiwa kwenye basi, nikapitiliza kituo changu.

Humo neno halihusu subira wala moyo mpana. Linahusu mzigo ambao dola imemtwika mtu, wenye mwanzo na mwisho, na likiwa katika wakati uliopita linaifunga dola mikono: amebeba, usimtwike tena. Kiswahili nacho kinaweza kusema "amevumilia", bila shaka, lakini sijawahi kusikia mtu akisimama mbele ya mamlaka na kusema "huyu ameshavumilia", na mamlaka yakalazimika kurudi nyuma.

Nilifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo nayo ilihitaji kupimwa. Hoja ya baraza lililobebwa humlinda mshtakiwa, akiwemo mshtakiwa mwenye hatia. Mwaka 1977 wasichana wawili waliuawa baada ya kuonekana mara ya mwisho katika baa iitwayo World's End mjini Edinburgh. Angus Sinclair alipofikishwa mahakamani kwa mauaji hayo mwaka 2007, jaji aliiondoa kesi kwa upungufu wa ushahidi, naye akawa ame-thole baraza lake. Familia za wasichana zilibaki na mzigo ambao haukuwa na siku ya kutuliwa. Sheria ilibadilishwa mwaka 2011 ili kesi kama hiyo iweze kurudiwa kwa sababu maalumu, zikiwemo ushahidi mpya na mshtakiwa kukiri baada ya kuachiwa. Sinclair alishtakiwa upya na kutiwa hatiani Novemba 2014, akapewa kifungo cha maisha kisichopungua miaka 37, idadi ile ile ya miaka ambayo wazazi na ndugu wa marehemu walikuwa wamesubiri.

Naiunga mkono sheria ya 2011 kwa moyo wote. Lakini mabadiliko hayo yalinionyesha swali ambalo neno hili linalo ndani yake, na ambalo "vumilia" nililolitamka ukumbini halikuwa nalo: mzigo huu ni wa nani, umetwikwa na nani, na unatuliwa wapi? Waskoti walibishana bungeni kuhusu nani ametosheka kubeba. "Uvumilie tu" ya siku ile haikuacha nafasi ya kuuliza. Hasa lile "tu". Bibi alisema "juist", ni kweli, nami ningeweza kujitetea nalo, lakini "juist" yake ilikuwa pumzi ya kuingilia katika sentensi, na "tu" yangu ilikuwa mlango unaofungwa.

## Jumatano nyingine

Nilirudi ukumbini wiki ya nane. Bibi alikuwepo na mama alikuwepo, lakini walikuwa wameketi meza mbalimbali.

Nilimwendea mama, nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba siku ile nilitoa neno la haraka, na kwamba neno la bibi kwao lina asili ya kubeba: alisema huna budi kuubeba, na mkono wake ulikuwa umeshika mahali pa kubebea. Mama ni msomaji wa Biblia kuliko mimi. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama ni kubeba kwa peke yake au ni kule kwa Waefeso, "mkichukuliana katika upendo". Nilimjibu kwamba kamusi haisemi. Akasema basi tumuulize mwenye neno.

Tukahamia meza ya bibi. Mama aliketi, akaniambia, "Mwanangu, umuulize: yeye alibeba nini?"

Niliuliza kwa Kiingereza, lakini kitenzi nikakiacha kwa Kiskoti. Bibi alinitazama kwanza mimi, kwa mshangao wa mtu aliyesikia jina la utotoni mwake likitamkwa na mgeni, kisha akamgeukia mama na kusema naye moja kwa moja, polepole, kama kwamba mimi sipo. Mumewe alikuwa fundi katika viwanda vya meli vya mto Clyde. Kazi yake ilikuwa kuvika mabomba kwa asbesto, na wakati huo walirushiana vipande vyake kama watoto wanavyorushiana theluji. Vumbi lilikaa mapafuni miaka mingi kabla ya kujitokeza. Aliugua miaka sita. "Six year Ah tholed it," alisema, akanyoosha vidole sita ili mama avione.

Nilifasiri: "Nilibeba miaka sita."

Mama aliviangalia vile vidole hadi vilipokunjwa. Kisha akaniambia niulize swali moja tena, alitua lini.

Bibi alikaa kimya, akakoroga chai yake kwa muda mrefu, ingawa hakuwa ametia kitu ndani. Akasema hana hakika kama ameshatua.

Nikamweleza mama. Hakusema neno. Alilivuta lile kopo la sukari kutoka mwisho wa meza, akalisogeza hadi likagusa kikombe cha bibi.

"Umuambie aweke sukari," akasema.